Ubeti wa Leonsi

Kasense, Sumbawanga
14 Machi 2004

Mdogo wangu Basil,

Natumaini uko mzima huko Dar es Salaam na joto lenu. Sisi huku hatujambo, mvua bado zipo, mahindi yamesimama vizuri, magoti yangu yananisumbua kama unavyoyajua. Baada ya salamu hizo, nimekasirika.

Jumapili iliyopita nimefundishwa wimbo wangu mwenyewe.

Alikuja mtawa mgeni, mtu wa huku huku Ufipa ila ameishi Italia muda mrefu. Akaomba kuzungumza na kwaya. Akasema ametuletea zawadi, wimbo ambao Watanzania walioko Ulaya wanaupenda sana. Akaanza kuimba. Mstari wa kwanza tu, Evodia wa sauti ya kwanza akanigeukia amebana midomo. "Mama anapakua, anahesabu watoto, sahani moja imebaki haina mwenyewe." Basil, ni ule wimbo wa kaka yetu Felisian. Niliutunga baada ya kumzika mama. Nami, mwalimu wa kwaya, nikasimama pale kama mwanafunzi, nikafundishwa. Sauti ya tatu ameiharibu kabisa.

Nikamuuliza, "Sista, wimbo huu umeupata wapi?"

Akasema, "Kwenye intaneti, dada. Ni wimbo wa asili wa Wafipa. Mtunzi hajulikani."

Mtunzi hajulikani, na mtunzi amesimama mbele yake.

Sikutaka kumwaibisha mgeni. Wewe sina sababu ya kukuficha. Krismasi ulikuja na kile kinasa sauti chako kidogo, ukasema unaturekodi kwa kumbukumbu. Hakuna mwingine aliyeturekodi. Nataka maelezo, tena kwa barua. Usinipigie simu kwa jirani, maana unasikika kama umefunikwa na debe.

Dada yako,
Otilia


Kariakoo, Dar es Salaam
29 Machi 2004

Dada Otilia,

Shikamoo. Pole na magoti. Mimi ni mzima, ingawa hapa kazini umeme unakatika kila wakati na wateja wa intaneti wananidai dakika zao kama vile mabwawa ya umeme ni ya baba yangu.

Ni kweli, ni mimi. Lakini nisikilize kwanza.

Kuna ukumbi kwenye mtandao ambako Watanzania walioko nje wanakutana. Mmoja anaandika yuko Kanada, mwingine anamjibu yuko Uswidi, hapo hapo. Siku moja mtu mmoja alilalamika kwamba hana kitu chochote cha kusikiliza kinachofanana na kwao. Nikawaza, mimi ninacho. Nikauweka wimbo wako pamoja na maneno yake. Palikuwa na sehemu ya kujaza asili ya wimbo, nikaandika Ufipa. Sehemu ya mtunzi niliiacha wazi, kwa sababu niliogopa utanigombeza kwa kutumia jina lako bila ruhusa. Hayo ya "hajulikani" wamejaza wenyewe.

Dada, watu wameupenda kupita kiasi. Wanatumiana. Kuna mwanamke aliandika kwamba anausikiliza akiwa kwenye treni na hushuka kituo kisicho chake. Kuna kikundi cha Watanzania huko Kanada wameuimba wakaurekodi. Nimekutolea kwenye kanda, nimempa kondakta wa basi la Mbeya, ataiunganisha na gari la Sumbawanga.

Wameongeza ubeti mmoja mwishoni. Tafadhali usikasirike kabla hujausikia. Mimi niliupenda.

Mdogo wako,
Basil


Kasense
18 Aprili 2004

Basil,

Salamu zako nimezipata na kanda nimeipata. Hatujambo. Evodia anakusalimu, yeye hana neno na wewe, bado ni mimi tu.

Tulitoa betri kwenye tochi tukaweka kwenye redio kaseti. Mwanzo wameimba vizuri, sikatai. Yule mwanamume anayeongoza ana sauti. Halafu wakafika mwisho, mahali ambapo mimi nimeweka kituo, wao wakaendelea:

"Mlango umegonga, ni yeye amerudi,
chakula kiko moto, mwenyewe ameketi."

Kwanza, mlango haugongi. Mlango unagongwa. Pili, hapo pa "mwenyewe" wanakimbizana na kibwagizo kama watu wanaowahi gari. Tatu, na hili ndilo linalonikera: aliyetungiwa hajarudi.

Felisian alipanda lori la kwenda Zambia kutafuta kazi ya mgodini, hajaandika neno hadi leo. Mama alimpakulia kila jioni mpaka mwaka aliokufa. Ile sahani tulikuwa tunaila mimi na wewe ikiwa imeshapoa, kwa sababu hakutaka chakula kitupwe. Sasa kuna mtu amekaa huko kwenye theluji amemrudisha kaka yetu kwa mistari miwili. Amemtoa wapi? Alimwomba nani ruhusa?

Wimbo wangu unaishia hivi: "Ugali umepoa, kesho tutapika tena." Unaishia hapo kwa sababu nasi tuliishia hapo.

Utoe huko ulikouweka. Na umwandikie aliyetunga ubeti huo, umwambie kwamba mtunzi yupo, yu hai, anaitwa Otilia, na kwamba kama anataka mtu arudi, atunge wimbo wake.

Dada yako,
Otilia


Kariakoo
10 Mei 2004

Dada Otilia,

Shikamoo. Habari za huko na za wanakwaya wote? Mimi nina mafua, mengine salama.

Nimeutoa pale nilipouweka. Haisaidii. Ni kama umemwaga ulezi sokoni, kila kuku ameshaondoka na punje yake. Basi nikaandika tangazo kwamba wimbo huu si wa asili, umetungwa na Otilia, mwalimu wa kwaya wa Kasense, Sumbawanga. Unajua nilivyojibiwa? Bwana mmoja wa Uingereza amesema bibi yake alikuwa akiuimba kabla ya Uhuru. Mwingine amesema watu wa siku hizi wanapenda sifa, hata nyimbo za mababu wanajipa wao. Nikaandika kwamba mtunzi ni dada yangu wa tumbo moja. Akaniuliza, na wewe ni nani? Nilikasirika nikazima kompyuta, kumbe nimezima ya mteja aliyekuwa anaandika maombi ya kazi.

Yule wa ubeti nimempata. Anaitwa Leonsi. Nilimpelekea maneno yako yote kama yalivyo, hata lile la mlango. Amejibu kurasa nne. Nimezichapa, ziko ndani ya bahasha hii. Ni mtu wa Kaengesa, dada. Ni wa huko huko kwetu.

Neno moja la mwisho. Felisian alipoondoka mimi nilikuwa sijaanza shule. Sura yake siikumbuki. Wewe na mama mlikuwa na mtu wa kumkumbuka, mimi nilikuwa na sahani tu. Ule ubeti ulipofika, nilimwona mtu anaketi. Ndiyo maana niliupenda. Tafadhali usinijibu kuhusu hili.

Mdogo wako,
Basil


Kasense
6 Juni 2004

Mdogo wangu Basil,

Nasikia baridi ya Juni imefika mpaka kwenu mwaka huu, basi huku usiulize, asubuhi tunatoka na mablanketi mabegani. Mafua hayo kunywa tangawizi. Umesema nisijibu, sijibu. Lakini nimesoma.

Sasa huyu Leonsi. Ameniomba radhi ukurasa wa kwanza, hapo ningemwelewa. Ameendelea kuniomba radhi mpaka ukurasa wa nne. Katikati amenieleza theluji, amenieleza wazee anaowaogesha na kuwalisha katika nyumba ya wazee, mmoja mmoja kwa majina yao. Halafu anasema mama yake, Hellena, yuko Kaengesa, ng'ambo ya kijito ukitoka kanisani. Alimuaga kwamba anakwenda kusomea uinjinia. Masomo yakamshinda, vibali vikaisha, akitoka huko hawezi kuingia tena. Akaona haya kuandika. "Kila mwaka unaopita, barua ya kwanza inazidi kuwa ngumu." Niliposoma sentensi hiyo niliitupa karatasi uani, kisha nikatoka kuifuata kwa sababu kuku walikuwa wanaondoka nayo.

Basil, mtu huyu ameweza kuniandikia kurasa nne mimi, mwanamke asiyemjua, juu ya wimbo usio wake. Mama yake hajapata hata mstari. Anasema amejaribu. Mtu anajaribuje kuandika? Kalamu inaandika au haiandiki.

Hajaniomba niende Kaengesa. Lakini hiyo ng'ambo ya kijito amenielekezea ya nini? Mwambie mimi si posta. Sitakwenda. Amwandikie mwenyewe.

Dada yako,
Otilia


Kariakoo
4 Julai 2004

Dada,

Shikamoo, na pole na mavuno. Naandika kwa haraka, foleni ya wateja imefika mlangoni.

Leonsi ananiuliza kila siku kama umekwenda. Nikifungua kompyuta asubuhi namkuta, nikifunga jioni namwacha. Nimemwambia ulivyosema, akajibu, "Sawa, mwambie asante," kesho yake akauliza tena. Mimi nimechoka kusimama katikati yenu. Yeye analia, wewe unagomba, na wote mnatumia jina langu.

Nenda, dada. Au usiende, ila nijulishe.

Mdogo wako,
Basil


Kasense
1 Agosti 2004

Mdogo wangu Basil,

Sisi ni wazima, ulezi umeshaingia ghalani. Nimekwenda. Usiseme kitu.

Nilipanda pikapu iliyokuwa inapeleka mbao, magoti yangu yakanilaani njia nzima. Bi Hellena nilimkuta anapepeta ulezi. Ni mwanamke mfupi, mkavu, macho makali. Akaniletea kigoda, akanipa maji, akaendelea kupepeta. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, nilibeba hata khanga ya pili.

Nikamwambia, "Mama, nimeleta habari za Leonsi. Yuko hai, yuko Kanada, anafanya kazi ya kutunza wazee."

Akaweka ungo chini. "Anatunza wazee?"

"Ndiyo."

"Wa nani?"

Nikamjibu ni wazee wa huko, wa watu. Akasema, "Kwa hiyo mikono anayo."

Basi hapo nikampenda. Tukamsema mwanawe mpaka chai ikapoa. Nilimweleza yote, uinjinia, vibali, aibu. Akasema, "Mimi nilihitaji injinia wa nini? Hapa kuna nini cha kuinjinia?" Machozi yalikuja baadaye, wakati tunazungumza habari ya mbuzi wake, na alijifuta upesi kama mtu aliyeingiwa na pumba jichoni.

Halafu akataka kujua mimi nimehusikaje. Nikamweleza habari ya wimbo. Akaniambia niuimbe. Nikaimba, nikaweka kituo mahali pangu.

"Na ule wa mwanangu?"

"Huo si wa wimbo huu, mama. Ameuongeza tu."

"Imba."

Nikauimba, na mlango wake unaogonga. Akausikiliza amefumba macho. Kisha akaniambia kwamba misa ya shukrani ya mavuno inakuja, kwaya yetu inaalikwa, na tutauimba wimbo mzima, na ubeti huo ndani yake. Nikamwambia ubeti huo si wangu. Akasema, "Basi ni wangu. Aliyetunga nimemzaa mimi."

Nimerudi nyumbani nimeshikwa na hasira ambayo sijui niipeleke kwa nani. Mwambie Leonsi mama yake yuko hai na ana maneno naye.

Dada yako,
Otilia


Kariakoo
20 Agosti 2004

Dada Otilia,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi, mwenzangu wa hapa kazini ananiuliza nacheka nini.

Ila sasa ni zamu yangu kukasirika. Nilimwandikia Leonsi kila kitu, hata la mikono. Tangu siku hiyo kimya. Yule aliyekuwa ananivizia asubuhi na jioni sasa haonekani. Nimemwandikia, hajibu. Wenzake wa kikundi wanasema kazini anakwenda, kanisani anakwenda, kompyuta haigusi. Mtu amelilia habari za mama yake, amezipata, amejificha.

Nimefanya jambo bila kumuuliza, na bila kukuuliza. Nimewaambia wenzake kwamba Jumamosi ya tarehe nne Septemba, saa tisa alasiri yetu, mama yake atakuwa mbele ya kompyuta Sumbawanga. Huko kwao itakuwa asubuhi. Wamekubali kumleta, hata kwa kumsukuma. Pale Mazwi mjini kuna duka la intaneti, msichana wa pale anaitwa Scola, nimeshaongea naye kwa simu. Mlete Bi Hellena.

Najua utagomba. Gomba, lakini mlete.

Mdogo wako,
Basil


Kasense
12 Septemba 2004

Mdogo wangu Basil,

Nakusalimu kwa utulivu, kitu ambacho hujakizoea kutoka kwangu mwaka huu. Sote ni wazima. Nitakueleza kwa mpangilio kwa sababu najua Leonsi amekueleza ovyo.

Jumamosi ile nilimpeleka Bi Hellena Mazwi. Alivaa kitenge cha Pasaka. Tulipofika, umeme haukuwepo. Scola akawasha jenereta, kompyuta zikawaka, mtandao ukawa haupo. Tukakaa. Mtandao ukaja, jenereta ikaishiwa mafuta. Nilikutukana kimoyomoyo kwa utaratibu, herufi kwa herufi. Bi Hellena alikuwa ameshika mkoba wake mapajani kama mtu anayesubiri daktari.

Mwishowe vyote vikakubaliana. Scola akasema, "Yupo, mama. Ameandika shikamoo."

Bi Hellena akatazama kioo. Akauliza, "Ni yeye aliyeandika, au ni mashine?"

"Ni yeye."

"Mwambie shikamoo ya maandishi siitikii. Nataka sauti."

Scola akachapa, akaongeza na namba ya simu ya duka. Tukasubiri. Hakuna jibu. Tukasubiri mpaka Scola akaanza kunitazama mimi. Nikajua amekimbia tena, nikawa natafuta maneno ya kumwambia yule mama. Ndipo simu ya dukani ikalia.

Waliongea Kifipa. Sitakuandikia waliyoongea, mengine nilitoka nje nisiyasikie. Nitakwambia tu kwamba alimgombeza kwa sauti iliyofika barabarani, wenye baiskeli wakapunguza mwendo. Vijana waliokuwa kwenye kompyuta nyingine waliacha kubofya. Halafu nikasikia anamuuliza anakula nini, na akarudia kumuuliza kana kwamba jibu halimtoshi.

Kurudi hawezi, si mwaka huu wala huo mwingine. Amemwambia mama yake kweli hiyo mwenyewe. Ameahidi kumpigia kila Jumamosi; jana Bi Hellena alikwenda tena Mazwi kwa pikapu ya mbao, na tayari anamwagiza Scola kama binti yake.

Leo ndiyo ilikuwa misa ya shukrani Kaengesa. Wiki nzima nimehangaika na ubeti ule. Kuuacha nisingeweza, yule mama angenisimamisha katikati ya kanisa. Kuuimba ulivyo nisingeweza pia, kwa sababu ya mlango, na kwa sababu ya Felisian. Nikimwimbia Bi Hellena kwamba ameketi, nitakuwa nimemdanganya, na nitakuwa nimejidanganya mimi. Nilikuwa shambani nafyeka mabua jana asubuhi, ukaja wenyewe. Nimeuacha ni wa Leonsi, ila nimeunyoosha:

"Kuna mtu uani, mama inuka utazame,
chakula kiko moto, sahani iko wazi."

Sikusema ni nani. Evodia alipousikia mazoezini akasema, "Mwalimu, huyu ni nani?" Nikamwambia aimbe.

Kanisa lilijaa mpaka ngazini. Tuliimba baada ya matangazo. Mimi nilikuwa nimewapa watu mgongo, naitazama kwaya, kama inavyotakiwa. Beti za mwanzo zilikwenda. Tukafika "Ugali umepoa, kesho tutapika tena," mkono wangu ukataka kushuka wenyewe, umezoea kufunga hapo. Nikauinua. Evodia akaanza, "Kuna mtu uani."

Basil, nilisikia mabenchi yakilia nyuma yangu. Kanisa zima liligeuka kutazama mlangoni. Niliwaona wanakwaya wangu nao macho yamevuka kichwa changu yamekwenda huko huko. Mwongoza kwaya hageuki. Nimewafundisha hivyo miaka yote, ukigeuka unawapoteza.

Niligeuka. Mlangoni palikuwa na jua tu.

Uuweke tena kwenye huo mtandao wako. Andika umetungwa na Otilia wa Kasense, na ubeti wa mwisho ni wa Leonsi, mwana wa Hellena. Wale wa Uingereza wakibisha, usiwajibu.

Dada yako,
Otilia